Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa Wake

Mtu atokaye Mjini Unguja akaishika njia ya kusini hufika mwisho wa kisiwa, penye Kizimkazi na jirani yake Makunduchi. Nchi ya huko ni ya mawe. Mkulima hutafuta udongo kati ya jiwe na jiwe, naye mvuvi hungoja maji na upepo. Kizimkazi Dimbani pana msikiti wa kale sana, na katika ukuta wa kibla chake yamechorwa maandishi ya Kiarabu cha kale yatajayo mwaka wa 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107 kwa hesabu yetu. Wazee husimulia ya kuwa mfalme wa mahali hapo aliitwa Kizi, na fundi aliyeujenga msikiti aliitwa Kazi. Na kazi ilipokwisha, mfalme alimkata fundi mkono, asipate kujenga mwingine ulio sawa na huo.

Sisi tuliisikia hadithi hii, tukatikisa vichwa kwa kusikitika, tukaenda zetu. Haikutujia moyoni kuuliza neno. Lakini yuko mtu mmoja ambaye, kama angalikuwa pamoja nasi siku ile, angaliuliza. Angaliuliza: Ni nani aliyeuona mkono huo? Tena angaliuliza: Fundi mwenye mkono mmoja aliishi wapi baadaye, na nani aliyemlisha? Na mwisho angaliuliza swali gumu kuliko hayo: Je, mji ulipata jina lake kwa watu hao wawili, au watu hao wawili walizaliwa katika jina la mji?

Mtu huyo ni Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko. Hakuzaliwa na mwanamke. Alizaliwa kwa kalamu, na mwenye kalamu hiyo alikuwa mtoto wa Makunduchi, hapo hapo jirani. Leo twataka kuipima kazi ya mwandishi huyo, tuseme alitupa nini, na wapi mkono wake ulipungukiwa.

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi mwezi wa Aprili, 1918. Alimaliza masomo mwaka 1938, akaingia katika idara ya afya ya serikali, akawa mkaguzi. Watu wetu humwita mtu wa kazi hiyo Bwana Afya. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, na wa Al Mahda, na wa Afrika Kwetu. Mwaka 1958 akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, akalishika mpaka alipostaafu mwaka 1968. Alifariki mwezi wa Machi, 1991.

Yakiandikwa hivi, maisha yake yafanana na maisha ya karani ye yote: meza hii, meza ile, kisha pensheni. Wako waandishi ambao habari zao ni vita na safari na vifungo. Huyu habari zake ni wino na karatasi. Walakini sisi twaona ya kuwa mambo mengi yaliyo mema katika vitabu vyake yalitoka katika meza hizo, nasi tutaeleza kwa nini.

Kwanza, kazi ya Bwana Afya ni kutazama. Mtoto ameshikwa na homa. Jamaa zake wasema amerogwa, au amepita saa mbaya penye mti wa shetani. Bwana Afya habishani nao juu ya shetani. Huingia uani, akainama, akatazama mtungi uliovunjika, na pipa, na kifuu cha nazi kilichojaa maji ya mvua, akaona viluwiluwi vya mbu wakicheza. Huenda kisimani, akapima kwa macho umbali wa choo. Hamtafuti mtu wa kulaumiwa, hutafuta sababu. Mtu aliyefanya kazi ya namna hii katika ujana wake hawezi tena kuingia nyumbani kwa watu asitazame chini ya kitanda.

Hapa yafaa tumkumbuke Mskoti, Arthur Conan Doyle, aliyetunga visa vya Sherlock Holmes. Naye alikuwa daktari; na Holmes alimfanya kwa mfano wa mwalimu wake wa udaktari mjini Edinburgh, Joseph Bell, ambaye aliweza kumtazama mgonjwa akatambua kazi yake na mahali atokako kabla hajafungua kinywa. Visa vifupi vya Holmes vilisomwa kwanza katika gazeti la kila mwezi, The Strand Magazine, tangu mwaka 1891. Watu husema Bwana Msa ni Holmes aliyevikwa kanzu, na Najum rafiki yake ni yule Watson. Neno hilo ni kweli, wala hapana haja ya kulificha: kiko kimeazimwa, na rafiki mwenye kustaajabu ameazimwa. Lakini Conan Doyle alijifunza kutazama kwa Bell, na Muhammed Said alijifunza kutazama katika nyua na visima vya watu wa Unguja. Kwa sababu hiyo Bwana Msa aonekana mwenyeji tangu ukurasa wa kwanza, ijapokuwa mavazi yake ni ya kuazima.

Pili, magazeti. Al Falaq lilikuwa gazeti la Chama cha Waarabu, na Afrika Kwetu liliwasemea Waafrika. Katika miaka ile ya kabla ya uhuru wa Desemba 1963 na mapinduzi ya Januari 1964, siasa ya Unguja ilikuwa kali, na magazeti yalirushiana maneno kama mawe. Muhammed Said alifanya kazi katika yote mawili. Mtu aliyekaa mezani pa pande zote mbili huzoea jambo moja: habari ile ile husemwa kwa namna mbili, na kila msemaji huapa. Basi tazameni Bwana Msa afanyavyo. Humwacha kila mtu aseme mpaka achoke, hamkatizi, hamkemei. Kisha huyaweka maneno ya huyu kando ya maneno ya yule, akatafuta mahali yasipokutana. Vitabu vyake vimejaa mazungumzo kuliko mbio na mapigano, nasi twadhani mhariri wa gazeti ndiye aliyemfundisha mpelelezi kazi hii.

Tatu, gazeti la Mkulima. Aandikaye gazeti la wakulima huandika kwa ajili ya mtu aliyerudi shambani jioni, mwenye macho mazito na taa ndogo. Neno lisiloeleweka mara moja limepotea. Makunduchi kwao watu wana lugha yao, Kikae, ambayo mgeni wa mjini huisikia kwa shida; lakini yeye aliandika Kiunguja cha mjini, ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu tangu miaka ya 1930. Kwa hiyo vitabu vyake vyaweza kusomwa Lamu, na Tabora, na Kigoma, pasipo mkalimani. Ni Kiswahili chenye utani na mafumbo, walakini hakimwachi msomaji nyuma.

Sasa tuvitazame vitabu vyenyewe. Mwaka 1957 na 1958 palikuwa na mashindano ya kutunga hadithi za Kiswahili, yaliyowekwa na East African Literature Bureau. Muhammed Said alipata zawadi ya kwanza kwa Mzimu wa Watu wa Kale, nacho kitabu kikatolewa mwaka 1960. Kabla yake Kiswahili kilikuwa na tenzi na mashairi, na ngano, na habari za safari, na tafsiri za vitabu vya Wazungu. Lakini riwaya ya upelelezi iliyotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, hiki ndicho kihesabiwacho kuwa cha kwanza. Baadaye alitoa Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Angalieni majina ya viwili vya kwanza. Mzimu, watu wa kusini ya Unguja waujua: ni pango, au mti mkubwa, mahali pa kuweka ubani na vitambaa, mahali ambapo mtoto huambiwa asichezee. Na Giningi, kwa Waunguja na Wapemba, ni jina la mji wa wachawi. Mwandishi alichagua mahali pawili panapoogopwa kuliko pengine po pote, akapeleka huko mtu mwenye kiko akaulize maswali. Katika kitabu cha kwanza mtu ameuawa, na mauti yamefungamana na mzimu. Na mahali pa namna hiyo huwafaa sana wauaji, maana kila mtu yu tayari kusema ya kuwa wazee wa kale wamekasirika. Bwana Msa haufanyii mzimu vita, wala hauchomi moto. Anauacha mahali pake, naye anamtafuta mwenye mikono.

Labda msomaji atauliza: hizi ni hadithi za kupitisha jioni, kwa nini walimu wazima washughulike nazo? Tutajibu kwa habari yetu wenyewe, nayo si habari ya kutupa sifa.

Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukifundisha katika kijiji kimoja cha bara, ambacho hatutakitaja. Fedha za mavuno zilikuwa zimewekwa ndani ya sanduku la mbao, noti chache zilizofungwa kwa kitambaa. Siku ya kuhesabu, sanduku lilifunguliwa, hapana kitu. Kufuli halikuvunjwa, na ufunguo haukutoka mkononi mwa mzee aliyeushika. Kwa kuwa kufuli halikuvunjwa, watu walisema fedha zimechukuliwa kwa uchawi. Na kwa kuwa ni uchawi, walimtaja mama mmoja mjane, mzee sana, aliyekuwa akifagia mahali pale kila Jumamosi. Hapana aliyempiga. Walinyamaza tu apitapo, na watoto walikatazwa kumtekea maji. Sisi walimu hatukumtaja kwa jina. Lakini tulipoulizwa hatukusema kitu, maana tuliogopa kuchukiwa. Yule mama akafunga mkeka wake, akahamia kwa mtoto wa dada yake, mbali, akafa huko kabla ya mvua za mwaka wa pili. Hata lilipofika siku ya kutengenezwa sanduku lile, fundi alilisogeza kutoka ukutani, akaligeuza. Nyuma, chini kabisa, palikuwa na tundu la panya. Na katika ufa wa ukuta palikuwa na kiota, na ndani ya kiota vipande vya noti, na kile kitambaa.

Tangu siku ile hatuwezi kukisoma kitabu cha Bwana Msa kama mchezo. Kila aulizapo, “Nani aliyeona?”, sisi twaliona sanduku.

Walakini mhakiki asifuye tu hamsaidii mtu. Tunayo manung'uniko matatu, na la tatu ndilo kubwa.

La kwanza, mafundo ya nasaba. Muhammed Said apenda mno siri za ukoo: nani mwana wa nani, nani ndugu ya nani bila kujua, nani aliyeolewa na nani zamani. Hata majina ya vitabu vya 1975 na 1976 yatuonyesha mambo hayo. Fundo moja la namna hii hutamanisha. Yakizidi, msomaji huhitaji karatasi ya kuchora shina na matawi, na bahati hufanya kazi ambayo ingalifanywa na akili.

La pili, watu wa shamba. Bwana Msa ni mtu wa mjini kwa maneno yake na kwa starehe yake. Mwandishi aliyezaliwa katika nchi ya mawe, akaandika gazeti la wakulima miaka kumi, angaliweza kutupa mvuvi au mpanda muhogo aliye na akili za kumshinda mpelelezi japo mara moja. Sisi tunaokaa vijijini tungalifurahi kumkuta mtu huyo. Mara nyingi mtu wa shamba huja katika hadithi ili aogope, au ili astaajabu, kisha hutoka.

La tatu ni hili. Mara nyingi ushahidi ulio mkubwa humo mfukoni mwa Bwana Msa, wala hatuonyeshwi mpaka mwisho, watu wote wakiisha kukusanywa. Najum hashuku kitu, nasi pamoja na Najum hatushuku kitu, twangoja. Basi fikirini, wasomaji. Tulikuwa tukingoja neno la mpiga ramli, aliyejua mambo tusiyoyajua kwa njia tusiyoiona. Sasa twangoja neno la Bwana Msa, ajuaye mambo tusiyoyajua, akivuta kiko. Je, tumeacha kungoja, au tumebadili mtu wa kumngojea? Msomaji ajifunzaye kumstaajabia mwerevu, asijifunze kutazama mwenyewe, hatalisogeza sanduku. Atamngoja Bwana Msa aje, naye Bwana Msa haji kijijini kwetu.

Swali hili lilitusumbua muda mrefu, na jibu tulilolipata si la kuyafuta manung'uniko yetu, ila la kuyapunguza. Kati ya Bwana Msa na mpiga ramli pana tofauti moja ambayo mwandishi hakuiacha hata kidogo. Mpiga ramli akiisha kutaja jina, kazi yake imekwisha. Ukimwuliza amejuaje, amekasirika. Bwana Msa akiisha kutaja jina, ndipo kazi yake ianzapo. Hapana budi aeleze: niliona hiki, nikasikia hiki, hiki hakikupatana na kile. Maelezo yake ya mwisho yaweza kuwa marefu kupita kiasi, hata msomaji mwenye haraka akapiga miayo. Lakini urefu huo ndio ada anayotulipa. Baada ya kuyasikia, mtoto wa shule aweza kurudi ukurasa wa nyuma akaikagua njia, na kama mpelelezi amekosea, mtoto ana haki ya kusema amekosea.

Tena mwandishi mwenyewe alikijua kitu hiki. Katika mwaka 1984, alipokuwa mzee wa miaka 66, alikipa kitabu chake jina la Kosa la Bwana Msa. Baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kumsifu mtu wake kwa werevu, aliandika neno “kosa” kando ya jina lake, juu ya jalada, mahali ambapo kila mpita njia hulisoma. Hatujapata kumsikia mpiga ramli atangazaye kosa lake mlangoni.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Muhammed Said Abdulla hakuwa mwenye kutafuta mambo makubwa ya dunia. Umaskini, na ardhi, na utawala, hayo ayagusa kwa ncha ya kidole, na atakaye kuyasoma atafute waandishi wengine. Alikuwa Bwana Afya aliyeacha nyua za watu akaingia katika magazeti, akatoka katika magazeti akaingia katika riwaya, akafanya kazi ile ile mahali pote: kuinama na kutazama kabla ya kusema. Magazeti aliyoyatengeneza yameliwa na mchwa katika nyumba nyingi, maana gazeti hufungia samaki kesho yake. Na yasikitisha, kwa kuwa sehemu kubwa ya jasho lake imo humo. Vitabu vimebaki.

Kwa walimu wenzetu tuna shauri moja. Mkisoma Bwana Msa pamoja na watoto, msiwasomee mpaka mwisho kwa siku moja. Fungeni kitabu kabla ya maelezo ya mwisho. Wapeni watoto siku mbili au tatu. Mwambieni kila mmoja aandike ni nani amshukuye, na chini yake aandike aliona nini hata akamshuku. Aliyeandika jina peke yake, bila la kuliona, mpeni sifuri, hata kama jina ni lenyewe.

Na kwa wazee wa vijiji twasema hivi kwa heshima. Kitu kikipotea, au mtoto akifa ghafula, na jina la mtu likaanza kupita kinywa hadi kinywa, simamisheni kwanza maneno. Ulizeni nani aliyeona. Tazameni nyuma ya sanduku. Kwetu palikuwa na watu wazima kumi na wawili chumbani siku ile, wenye macho mema, na walimu wawili kati yao. Sanduku lilikuwa jepesi. Mtoto mmoja angaliweza kulisogeza.